Miba Atatoka Jumamosi

Nchi hii haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lakini waziri mmoja aliliona fupi mno kwa nchi yenye mawaziri wengi kiasi kile, akalipeleka kwenye kamati likarefushwe, na kamati bado inakunywa chai. Wasomaji watuwie radhi. Watu wa huko ni wapole na wanawapenda viongozi wao, na wasiowapenda hufundishwa kuwapenda, bure, kwa gharama za serikali.

Nchi hiyo ilikuwa na runinga ya watoto, katuni tupu kutoka asubuhi hadi jioni. Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha kalunguyeye mdogo wa kike aitwaye Miba. Kalunguyeye, kwa asiyemjua, ni yule mnyama mwenye miiba mgongoni ambaye ukimgusa hujikunja akawa mpira. Miba aliishi mbugani na mama yake, karibu na rafiki zake Kenge na Kanga, na kila Jumamosi asubuhi alipatwa na balaa, na kabla kipindi hakijaisha balaa hilo likamwepuka.

Aliyemchora alikuwa Siwatu binti Mkadara, mwanamke mwembamba mwenye mkono mwepesi na hasira za karibu. Sauti yake ndiyo iliyofunga kipindi, na watoto wa nchi nzima walimwita Shangazi Siwatu. Hakujaaliwa kuzaa. Alikuwa na hao wa kwenye runinga, maelfu kwa maelfu, akawapenda wote bila kuwajua majina.

Sasa Jumamosi moja Miba alitumbukia shimoni. Lilikuwa shimo la watu wa barabara, wale wanaochimba ili ionekane wamechimba, kisha wakaondoka. Siwatu aliona atawanogeshea watoto, kwa hiyo kipindi kikaishia hapo: Miba yuko chini, mama yake yuko juu ukingoni anamwita. Ndipo sauti ya Siwatu ikasema, "Msilie wanangu. Jumamosi ijayo Miba atatoka. Shangazi ameahidi."

Mwendelezo ulikuwa umeshachorwa nusu. Kenge alikuwa ameshapata kamba. Lakini Alhamisi, kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, kati ya bei ya mahindi na matokeo ya mpira, msomaji akatangaza kwamba uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa runinga ya watoto umetenguliwa na kwamba nafasi yake imechukuliwa na Kanali Mstaafu Bushiri Matango. Mkurugenzi aliyetenguliwa alikuwa mezani anakula ubwabwa. Walisema aliuacha mdomoni, hakumeza wala hakutema, mpaka alipofika kwao.

*

Kanali Matango alitoka kwenye bohari la viatu vya jeshi, ambako alijipatia sifa ya kutowahi kupoteza kiatu cha kushoto. Siku ya kwanza aliketi sebuleni kwa wageni, akawekewa kipindi, akatazama huku amekunja uso.

"Hii ni nyumba?" akauliza.

"Ni nyumba ya Kanga, afande," Siwatu akajibu.

"Ina ukuta?"

"Inao."

"Mbona ukutani hapana picha?"

Katika nchi ile, kama ilivyo katika nchi zote zenye adabu, kila duka, kila bucha, kila kinyozi ana picha ya kiongozi ukutani, na mtu akinyolewa bila picha inayomtazama nywele zake huhesabiwa kuwa bado. Lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sheria inaingia hadi kwa Kanga.

Picha ya Mkuu wa Nchi ilipendekezwa, ila wataalamu wa chuo kikuu wakapima wakasema ni nzito mno, kuta za kuchora hazitaihimili. Hapo Kanali akasimama, akashusha koti lake vizuri. "Ndugu zangu," alisema, "pale ambapo taifa lina ukuta mtupu, mimi sina haki ya kuuficha uso wangu. Nitajitolea."

Kwa hiyo vipindi vyote vilivyopita vikarudishwa mezani. Bwana Lwidiko, mchora mandhari, mtu aliyeweza kuchora mvua mpaka ukatafuta mwavuli, aliacha mvua akawa anachora sharubu za Kanali kwenye nyumba za kenge, za mchwa, na kwenye kiota cha shore.

Siwatu alingoja hadi vumbi litulie, akapeleka michoro ya Miba kuokolewa. Kanali aliitazama kwa muda mrefu.

"Hili shimo lina kuta?"

"Za udongo, afande."

"Basi linataka picha." Kisha shingo ikaanza kumvimba. "Picha yangu? Shimoni? Kanali mzima?"

Hiyo ndiyo shida iliyowashinda wote. Ukichora shimo bila picha, umevunja sheria. Ukichora shimo lenye picha, umemtukana kiongozi kwa kumweka shimoni. Kanali aliahidi kulitafakari, na akatoa agizo kwamba wakati anatafakari yule mtoto akae hukohuko chini.

Jumamosi ile kipindi kilimwonyesha Miba gizani, macho tu. Siwatu akasema, "Jumamosi ijayo, wanangu." Aliposema alijisikia vibaya, kama mtu aliyekopa kwa mjane.

*

Kanali alitenguliwa kabla hajamaliza kutafakari. Akaja Profesa Eliapenda Msokwe, kutoka Mamlaka ya Majitaka, na nyuso zote zikaanza kubadilishwa upya. Kazi ilifika nusu, wakakwama kwa sababu ya rangi, na kwa miezi mingi Kanga aliingia nyumbani kwake akitazamwa na Kanali akatoka akitazamwa na Profesa. Watoto wakadhani ni mume na mke.

Bwana Lwidiko alipandishwa cheo akawa Mkuu wa Kitengo cha Nyuso. Akapewa kiti cha kuzunguka. Siwatu alipomwuliza lini atarudi kuchora mandhari, alizunguka kidogo kwanza.

"Dada Siwatu, mandhari haina pensheni," akasema.

Profesa alikuwa mtu wa maneno laini. Alimkaribisha Siwatu, akamkalisha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Bi. Siwatu, tatizo lako ni istilahi. Shimo ni mtazamo. Aliye juu anasema shimo. Aliye chini anasema kwangu. Nani amewahi kuwauliza walio chini? Sisi, tuliosoma, tunakuja na kamba zetu, tunamdharau mtu kwa kumwokoa!" Macho yakamlengalenga kwa uzuri wa hoja yake. "Kuanzia leo patupu pale paitwe Makazi ya Chini. Na kwa kuwa ni makazi, picha yangu inaweza kutundikwa bila mtu kuvunjiwa heshima."

Siwatu alimeza hasira, akaona afadhali. Jina waliite watakavyo, mradi mtoto atoke. "Basi Profesa, kama picha imepata pa kukaa, naomba kibali nimtoe Jumamosi hii."

Profesa akashtuka hasa. "Umtoe kwake? Mtu na makazi yake? Una hati ya mahakama?"

Siwatu aliinuka bila kuaga. Alikwenda chooni, akafungua maji ili wasimsikie, akalia kilio cha hasira. Alifikiria kuacha kazi. Angeweza, dada yake alikuwa na duka la vitambaa na alimtaka kila siku. Lakini ahadi ni deni, naye aliitoa kwa mdomo wake, kwa watoto, na hao hawana mtu mwingine wa kumdai. Akanawa uso akarudi mezani. Jumamosi ile picha ya Profesa ilining'inia juu ya kichwa cha Miba, na Miba alijikunja akawa mpira, kwa sababu Siwatu alikataa kumchora akiitazama.

*

Profesa naye akatenguliwa, kati ya mahindi na mpira tena, na mahali pake akaja Bwana Desderi Kapwani, kijana wa suti ya kubana aliyekuwa akiuza magodoro. Huyu hakuwa na subira ya hoja. Alitembea huku akipiga vidole.

"Tunaboresha!" alisema. "Makazi ya Chini yawe ya kisasa!"

Wiki ya kwanza Miba akapewa godoro, lenye nembo. Wiki ya pili zulia. Wiki ya tatu pazia, ingawa dirisha halikuwepo, na Bwana Kapwani akaeleza kwamba dirisha ni matarajio na pazia ni maandalizi. Wakamtungia Miba wimbo wa kusifia udongo. Shule za chekechea ziliuimba asubuhi baada ya wimbo wa taifa, na palipokuwa na haraka, kabla yake.

Yote hayo Siwatu aliyachora, mkono unachora na meno yanasagana. Lililomvunja lilikuja kwenye kikao cha Jumatatu.

"Nimepitia vipindi vyote," Kapwani alisema. "Kuna sehemu nyingi sana za nje. Mbuga, mto, sijui mawingu. Nje hakuna ukuta. Pasipo ukuta hapana picha, pasipo picha hapana uongozi, na pasipo uongozi watoto wetu watajifunza nini? Nje ifutwe."

Bwana Lwidiko, aliyezichora mbuga hizo zote kwa mkono wake, akaandika kwenye daftari: nje ifutwe. Akapigia mstari.

"Na mama yake?" Siwatu akauliza.

"Mama wa nani?"

"Mama yake Miba. Yuko nje, ukingoni. Anamwita mwanawe tangu enzi za Kanali."

Kapwani akapiga vidole, akifikiri kwa wema kabisa. "Kama yuko nje, basi hayupo."

"Wewe mtoto, huna haya!" Siwatu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Wewe umezaliwa na mama au umetolewa kwenye godoro?"

Hakufukuzwa. Bwana Kapwani alicheka, akasema anapenda wafanyakazi wenye hamasa. Mbuga zilitolewa ghalani, karatasi kubwa kubwa za majani ya kijani na machweo, zikapelekwa kantini, na kwa muda mrefu maandazi ya runinga ya watoto yalifungwa kwenye anga la buluu. Mama yake Miba alifutwa mchana kweupe na kijana wa zamu aliyekuwa akipiga mluzi.

Miaka ikapita. Watoto waliomwona Miba akitumbukia walikuwa sasa wameota ndevu na kuoa. Waliobaki kwenye mikeka mbele ya runinga walikuwa wengine, na kila Jumamosi Siwatu aliwaambia sentensi ileile. Hakujiuliza kama wanaielewa. Alikuwa ameishikilia kwa nguvu mno, hata nafasi ya kuwatazama wao hakuwa nayo.

*

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Bwana Kapwani alitenguliwa saa saba mchana, na msomaji wa habari alipofunua karatasi ya pili atangaze mrithi, karatasi ya pili haikuwepo. Wengine walisema Mkuu wa Nchi alisinzia. Ikulu ilikanusha: hakusinzia, bali alipumzika akiwa macho yamefungwa.

Runinga ikawa haina mkurugenzi. Kukaimu hakuna aliyethubutu, kwa kuwa wa mwisho kukaimu alishtakiwa kwa kukalia kiti kana kwamba anakipenda. Kitengo cha Nyuso kikafuta uso wa Kapwani kwenye kila ukuta na kuacha fremu tupu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kusema ndiyo wala hapana.

Siwatu alimfuata Lwidiko kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Kaka Lwidiko, nataka mbuga. Nataka majani, mto, na anga. Leo hii."

"Dada, wataniua."

"Nani? Mtaje kwa jina."

Lwidiko alifikiri sana, akakosa jina. Akacheka, kicheko cha woga, akatafuta brashi zake za zamani zilizokuwa zimekauka kama mswaki wa maiti, akaziloweka. Walifanya kazi bega kwa bega kama zamani. Majani yalimjia kwa shida, mto ukamjia vizuri. Alipomaliza anga alirudi nyuma kulitazama, naye Siwatu akatazama.

"Kaka, hiki ni nini hapa katikati ya mawingu?"

Lwidiko akasogea karibu, akaona aibu. "Msumari," akasema. "Wa kutundikia. Mkono umezoea."

Siwatu aliufuta kwa kidole chake. Akamchora mama upya, akamchorea na mvi, maana miaka ilikuwa imepita. Akachora Kenge akishusha kamba na Kanga akivuta kwa mdomo. Na Jumamosi asubuhi, runinga nzima ikiwa haina kiongozi, Miba akatoka shimoni, akaanguka kwenye majani, mama yake akamkumbatia, miiba kwa miiba, na Siwatu akasema, "Wanangu, Miba ametoka. Shangazi alisema."

Alivua vipokea sauti masikioni, akajiegemeza ukutani. Alijisikia mwepesi, na furaha ilikuwa nyingi hata ikamfanya asikie njaa. Akamwambia Lwidiko watoke wakale samaki.

Simu zikaanza kulia kabla hawajafika mlangoni. Siwatu akaipokea ya kwanza mwenyewe, uso wote unacheka.

"Shangazi Siwatu?" Mtoto wa kike, anavuta kamasi. "Kwani Miba kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, mwanangu."

"Sasa mbona mmemfukuza kwake?"

"Hatukumfukuza. Tumemtoa. Amerudi kwa mama yake, umemwona mama yake?"

"Yule mwanamke simjui," mtoto akasema, na kilio kikampanda. "Na godoro lake mmempa nani?"

Simu ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu alikuwa mzazi, mwanaume mwenye sauti nzito, anataka kujua ni nani huko runingani anayewatisha watoto kwa kuwaonyesha mahali pasipo na kuta. Mtoto wake alikuwa amejifungia kabatini na hataki kutoka.

*

Mkurugenzi Mkuu mpya alipatikana wiki iliyofuata, mara tu Mkuu wa Nchi alipofumbua macho. Alikuwa Dokta Pelagia Nyondo, mama wa makamo, mpole, anayenukia sabuni nzuri. Siwatu aliitwa ofisini. Alikwenda amevaa viatu vya kutembelea mbali na khanga mbili za kujitanda kwenye mkoba, kwa kuwa alikuwa amesikia mahabusu kuna baridi.

Dokta Pelagia akammiminia chai.

"Dada yangu, mimi sikukuita kukugombeza. Nimekuita kukushukuru." Akamsogezea sukari. "Walionitangulia wote walitumia amri. Kanali kaamuru, Profesa kaamuru, yule wa magodoro kaamuru, na bado hatukuwa na hakika kama watoto wanapenda kweli au wanatii tu. Wewe umeufungua mlango. Umewaonyesha nje, majani na mawingu na mama. Na wao wenyewe, bila kushikiwa kiboko, wamesema hapana. Nani angeweza kutupa zawadi hiyo? Mkuu wa Nchi amefurahi sana. Utapewa nishani."

"Siitaki," Siwatu akasema. "Na Miba simrudishi. Nifungeni."

"Tukufunge kwa nini, jamani? Na wala sikuombi umrudishe. Wameshamrudisha wenyewe."

Akaonyesha pembeni. Yalikuwepo magunia, ya katani, yale ya kutilia kahawa, yamesimama kutoka dirishani hadi mlangoni. Yote yalijaa michoro ya watoto kutoka kila wilaya, imetumwa bila kuombwa.

"Tutachagua mmoja tuurushe Jumamosi," Dokta Pelagia alisema. "Wewe ndiye unayewajua. Nisaidie kuchagua."

Alitoka akamwacha peke yake. Siwatu akapiga magoti akafungua gunia la kwanza.

Walichora vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kwanza, kwamba aliwafundisha vizuri. Miba chini, amelala kwenye godoro. Miba chini, anaimba. Miba chini, pazia limenyooshwa na mwanga unatoka pasipojulikana. Na juu ya kichwa chake, kila karatasi, fremu. Mkurugenzi mpya alikuwa bado hajapigwa picha, hakuna mtoto aliyemjua sura, kwa hiyo wote walichora fremu na mabega, na juu ya mabega wakaacha duara jeupe, safi, lisubiri yeyote atakayekuja. Wakubwa kidogo walikuwa wamechora na msumari.

Alifungua la pili, na la tatu. Alikuwa hachagui. Alikuwa anatafuta, na alijua anatafuta nini, karatasi moja tu, mtoto mmoja. Mikono ikawa myeusi kwa makaa na penseli. Chai ikapoa. Nje ya mlango alimsikia Lwidiko akiulizia vipimo vya kichwa cha Dokta, kama avichukue leo au aje kesho.

Kwenye gunia lililokuwa karibu na mlango, chini kabisa, aliipata. Ilikuwa karatasi ndogo, nusu ya ukurasa wa daftari la hesabu. Miba amesimama kwenye majani. Majani yamechorwa moja moja, kwa subira. Kuna jua, na kuna mto unaopinda, na mama yake yuko pembeni, ana mvi. Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na fremu.

Siwatu alicheka peke yake, kwa sauti, akaibusu karatasi na makaa yake yote. Mmoja anatosha, akajiambia. Kwa mmoja nitaanza upya. Akaigeuza atafute jina la mtoto na shule yake.

Nyuma palikuwa na maandishi ya penseli, yamelalia upande.

"Shangazi samahani. Karatasi imeisha kabla sijachora ukuta. Naomba unimalizie."